Meza Niliyomkatia Koku

Harufu ya nyasi mbichi hunitia aibu. Kwetu, kijijini karibu na Muleba, sikukuu ikikaribia sakafu ya sebule ilitandikwa nyasi, na mama yetu, tuliyemwita Ma, alizitandika nyingi mpaka miguu inazama. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi. Mdogo wangu Koku alikuwa na saba, na miguu yake haikuwa na nguvu tangu azaliwe. Alishinda kwenye kiti cha mbao ambacho baba yetu, Ta, alikifungia mkanda ili asianguke. Watoto wa jirani wakija kucheza, walikaa chini kwenye nyasi, naye Koku akawatazama kutoka kule juu. Kitu kikimdondoka, alisubiri mpaka mtu akumbuke kumwokotea.

Siku moja Ta alirudi kutoka Bukoba na meza juu ya basi. Mwalimu mmoja aliyepanga huko, mtaa wa Kashai, alikuwa anahama, akamwachia. Ilikuwa meza kuukuu ya kulia chakula, ya mvule, ina alama ya pasi katikati na droo isiyofunga vizuri. Ta akatueleza mpango wake: ataisugua kwa msasa, ataipunguza miguu, ikae sawasawa juu ya mapaja ya Koku akiwa kitini. Wengine tutakaa kwenye vigoda, tucheze naye uso kwa uso. Koku alicheka mpaka akapaliwa. Siku nne nzima hakuwa na habari nyingine. Aliomba apewe ile droo, akapanga ndani yake vifuniko vya soda na buni, akawaalika watoto watatu waje Krismasi kwenye meza yake.

Mimi nikanuna. Nilikuwa nimechoka na nyumba ambayo kila jambo lilianza na Koku. Nilitaka meza fupi, ya kukaa chini na wenzangu na kupikia vyakula vyetu vya udongo. Basi Ma akachukua kamba ya mgomba, akapima kutoka juu ya mapaja ya Koku hadi chini, akafunga fundo, akanituma nimpelekee Ta uani. Nilipofika mlangoni nikalifungua lile fundo na kulifunga upya, nikiwa nimepunguza kama upana wa kiganja. Sikuogopa hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ta alikata miguu yote minne kwa kipimo kile, huku akiimba.

Meza ilipoingizwa ndani iligonga magoti ya Koku, ikakataa kupita. Ta akajaribu kuiinua kwa matofali, lakini mtoto akiegemea tu inateleza, na Ma akaogopa itamwangukia Koku. Ta akasema atatafuta fundi wa kuiunga miguu. Msimu wa kahawa ukaja na kupita, hakutafuta. Siku ile meza ilipoingia, Ma alisimama akiziangalia nyasi zake, kisha akasema, "Ni mimi. Kiti kimezama mpaka sakafuni, na mimi nimepimia juu ya nyasi." Sote tukaona ni kweli, maana nyasi zilikuwa nene. Ta akatikisa kichwa tu. "Nyasi zako hizi, mama Adela." Mimi, Adela mwenyewe, nilikuwa pale pale, karibu na mguu wa meza, na neno moja lingetosha.

Krismasi tulicheza chini, tumeizunguka meza, wale watoto watatu wakiwamo. Koku alikaa kitini na droo yake mapajani. Tangu mwaka ule Ma alitandika nyasi chache, za kuhesabika, na wageni wakamtania kwamba amekuwa mvivu. Alikufa akiamini kwamba ni yeye aliyekosea.

Sasa ninaishi Kashai. Mwezi uliopita nilipata meza kuukuu ya sebuleni, nikampelekea fundi awatengenezee wanangu meza ya kuchezea. Akavuta futi yake, akaniuliza, "Nikate wapi, mama?" Nikamwambia asikate kwanza. Kesho yake nikapanda basi kwenda Muleba, kwa Koku, ambaye ni mshonaji anayejulikana sokoni. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, huku nikilia. Yeye alikuwa anashona vifungo vya shati la shule, wala hakusimamisha sindano.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa mlangoni, nami nipo kitini. Nilikuona ukilifungua fundo."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata Ma alipojilaumu mbele yetu.

"Ningesemaje, dada? Wewe ndiye uliyekuwa unanibeba kwenda chooni."

Siku hizi ana kiti chake cha magurudumu, hamsubiri mtu amfikishe popote. Wakati ule, Ta na Ma wakishinda shambani, alikuwa na mimi tu.