Masikio ya Fundi Ilunga

Mimi mdomo wangu hauna breki, na ufuko mzima wa Nchelenge unajua. Kwa hiyo mtu wa kwanza kumtania Ilunga kwamba ana wivu nilikuwa mimi, Pierrette muuza samaki. Fundi gani wa magari huenda kazini na mkewe kwenye keria ya baiskeli, kutoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala mpaka ziwani, mvua au jua? Mafundi wengine hubeba spana. Huyu alibeba spana, mpini wa jembe, na Angèle.

Gereji hakuwa nayo. Gari likikuharibikia unapiga simu, Angèle anapokea, na baadaye unawaona wakija katika vumbi, mume akikanyaga pedali, mke ameketi upande na ule mpini mapajani. Injini ikishawashwa, aliyeinama kwanza ni Angèle. Aliweka ncha moja ya mpini kwenye chuma, ncha nyingine sikioni, akafumba macho. Kisha akamgeukia mumewe na kumwonyesha kwa mikono: ngumi ikitwanga kiganja, au kiganja kikifagia kingine, au vidole vikisugua hewa. Ilunga aliitikia kwa kichwa, akafungua palepale penye ugonjwa. Madereva walicheka. Walidai wale wawili wanagombana mbele za watu.

Siku moja tukiparua samaki kule Kabuta, nilizidisha utani mpaka Angèle akaweka kisu chini.

“Yaya Pierrette, banaume bacheke, lakini weye hapana,” aliniambia, kama mtu na dada yake mkubwa. “Bwana yangu hasikie tena. Masikio yake ilishakufa. Ile sauti ya motere, mi njo minamupelekeaka.”

Niliona haya mpaka nikashindwa kumwangalia. Akanieleza kwamba masikio ya Ilunga yalianza kutoka usaha walipokuwa wakikimbia kutoka Kongo, wakilala porini, na walipofika Zambia yalikuwa yameshaziba. Mikono ilibaki na ufundi wake wote. Wakatengeneza lugha yao. Ngumi kwenye kiganja ni sombe, majani ya muhogo, likitwangwa. Kiganja kinachofagia ni ufagio sakafuni. Vidole vinavyosugua ni sufuria ikikwanguliwa ukoko wa bukari, ugali wetu. Angèle hakujua jina la kifaa hata kimoja cha gari, alijua sauti za jikoni kwake. Na Ilunga alizikumbuka zote, kwa sababu enzi zile akisikia alikuwa mwanamume wa kukaa jikoni na mkewe.

“Usiambie mutu,” Angèle aliniomba. “Bakijua, nani atamupatia motokari yake?”

Nikanyamaza. Wanaonijua hawataamini, lakini nilinyamaza.

Basi, asubuhi moja ya kipindi cha baridi, Kanta yangu, lori dogo, imejaa samaki na barafu, ninaelekea mjini Mansa, injini ikaanza kulia hata kabla sijaiacha Kabuta. Kanta hiyo naiendesha mwenyewe, najua kilio chake cha kawaida, na hiki hakikuwa chenyewe. Nikapiga simu. Sauti ya Angèle ilitoka ndogo, imechoka.

“Niko na homa, yaya. Ye anakuya peke yake, nimemukatalia na amekatala kubakia. Leo weye njo masikio yake.”

Ilunga alifika anatweta, mpini umefungwa kwenye fremu ya baiskeli, keria iko tupu. Kwa bahati mbaya Mumba alikuwepo pia, dereva wa lori la samaki, Mbemba mwenye utani mrefu kuliko barabara, amekaa na wenzake wakisubiri mitumbwi.

“Mwe fundi, madamu leo muliacha na nani?” Mumba alipaza sauti.

Ilunga akatabasamu tu. Mumba akarudia, na Ilunga akatabasamu vilevile. Nikamwona Mumba akikunja uso.

Niliwasha gari, nikaweka mpini sikioni. Jamani! Kila kitu kilikuwa kikilia. Nikatwanga kiganja, nikafagia, nikasugua, mwisho nikawa napunga mikono kama ninayefukuza kuku jikoni. Ilunga aliitazama mikono yangu kwa huruma.

“Hapana ivo, mama,” alisema polepole. “Iko pampu ya maji, ao iko alteneta?”

Sikujua. Mkanda ule ule unavizungusha vyote viwili, pampu na alteneta ya kuchaji betri. Akifungua kisicho na ugonjwa mbele ya wale wanaume, na gari liendelee kulia, siri imekwisha. Na kama ni pampu, tukaiacha, injini yangu ingechemka na kufa njiani.

Mumba akainuka. Alisogea nyuma ya Ilunga, akapiga makofi kwa nguvu, karibu kabisa na kisogo. Ilunga hakugeuka.

“Hasikie!” Mumba alisema, na sasa hakuwa akitania. “Fundi wa injini, na hasikie!”

Wenzake wakaja. Ilunga hakusikia neno, lakini nyuso alizisoma zote. Aliinama ndani ya injini haraka, nadhani ili wasimwone macho. Alitaka kupapasa kwa mikono yote miwili, asikie kwa vidole mtikisiko uko wapi, kwa hiyo akaushika mpini kwa meno. Ncha ya pili ikagusa alteneta.

Akaganda.

Akasogeza kichwa, ncha ikaenda kwenye pampu. Akarudi kwenye alteneta. Tena pampu, na hapo nikaelewa: mlio ulikuwa ukipanda mpini na kumwingia kwa meno. Aliponigeukia, mpini bado umo mdomoni, machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta.

“Zima,” alisema.

Akafungua pampu. Beringi yake ilikuwa imesagika, ikamwagika kiganjani mwake vipande vipande, na wote tukaiona. Mumba akaenda kwenye lori lake, akarudi na pampu yake kuukuu ya Kanta, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kanta ilipowaka na kutulia, Mumba akamgusa bega, akalionyesha lori lake, akaonyesha kwa mkono jua linavyochomoza: kesho uje kwangu.

Ilunga aliitikia, lakini mawazo hayakuwa hapo. Aliupangusa mpini kwa shati lake, akanishika mkono.

“Kwetu, mama. Unipeleke kwetu.”

Nilikuwa na samaki, na barafu ilikuwa ikiyeyuka. Nikasema iyeyuke. Tukapakia baiskeli juu ya makreti, nikageuza gari kuelekea Mantapala.

Angèle alikuwa amelala mkekani, homa imeshuka, mwili hauna nguvu. Alipotuona alijitahidi kuinua mikono amuulize mumewe kazi imekwendaje. Ilunga akaishusha ile mikono, taratibu, akaiweka kifuani pa Angèle. Akapiga magoti. Akauma mpini, na ncha ya pili akaiweka chini ya kidevu cha mkewe, akafumba macho.

“Sema,” alisema kwa meno yaliyobana.

Angèle alinitazama mimi, haelewi. Mimi, mwenye mdomo huu, nikamwashiria kwa mkono aseme.

“Ilunga,” akasema. “Umeshakula?”

Na Ilunga, macho yakiwa bado yamefumbwa, akajibu: “Bado.”