Masizi Kwenye Chemchemi

Nilipokuwa mtoto hapa Karatu, mji ulikuwa mdogo, ukijamba sokoni asubuhi, kufika mchana umeshapewa jina, na hilo jina unazikwa nalo. Msicheke. Kuna mama alianguka na baiskeli ya padri, leo ana wajukuu, bado anaitwa Mama Baiskeli.

Sisi tulikaa upande wa juu, chini ya ile nyumba ya mawe ya mzungu wa kahawa. Mwenyewe alishaondoka sijazaliwa, akatuachia mikaratusi na birika la saruji alilojenga kwenye chemchemi. Lakini chemchemi haikuwa yake. Wazee wetu Wairaqw walisema ina mwenyewe, anakaa humo humo majini, na kitu hataki ni masizi. Bibi yangu aliyenilea, Jumapili anaimba kanisani kushinda kwaya nzima, Jumatatu ananiambia, "Chombo cha jikoni kisiguse yale maji. Mwenyewe atahama nayo."

Basi siku moja, nina kama miaka tisa, nikatumwa maji na kidumu. Magari ya watalii yanapita kwenda kreta, nami nikaweka kidumu chini nipunge mikono yote miwili. Gari la tatu likakipanda. Kikawa chapati. Nikaogopa fimbo, nikaingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, nikabeba sufuria la ugali, jeusi tii, nikaenda kuchotea. Masizi yakatanda juu ya birika. Nikakoroga kwa mkono yapotee. Kidumu nikasema kimeibiwa.

Siku ya nne maji yakawa uzi. Mtu anakinga ndoo mpaka anasinzia.

Wamama wakakusanyika pale birikani, mimi nimejibanza nyuma ya gauni la bibi. Mama Paulo, jirani yetu, mdomo wake ule, akasema, "Kuna mtu kaleta sufuria hapa. Masizi nimeyaona mwenyewe ukutani. Leo tutamjua, na wajukuu wake watamjua."

Nikajiona nimekuwa mama mzima, napita sokoni, watoto wa watu wananiita Mfukuza Maji.

Bibi akasema, "Ni mimi."

"Wewe, Bibi Rehema? Wewe unayetufundisha?"

"Macho yameisha, Mama Paulo. Nilidhani ni ndoo."

"Ndoo ina mpini, bibi."

"Basi na mikono imeisha."

Wakacheka, lakini hukumu ikatoka. Atapika pombe ya kuombea msamaha, na asiguse birika mpaka maji yarudi. Pombe akapika. Maji akawa anayafuata korongoni kule chini, mama mzee, na dumu mgongoni.

Baada ya siku kumi na moja mvua ikanyesha, maji yakarudi. Wengine walisema ni kiangazi tu kilikuwa kimeisha. Mimi siwezi kubishana na mtu, sikusoma. Lakini jina lilishika. Bibi akaitwa Mfukuza Maji mpaka kaburini, na hata Mama Paulo alilia akilitaja.

Bibi nilimwambia kabla hajafa, nikiwa na mtoto wa pili. Tunamenya maharage. "Bibi, lile sufuria nilikuwa mimi."

"Najua. Ulikuwa na masizi mpaka puani."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nimeshazaa, nimeshazeeka. Jina lingeniharibia nini? Wewe ulikuwa hujaanza."

Nikacheka mpaka maharage yakamwagika. Usiku ndiyo nikalia.

Mwenye chemchemi kama yupo, kama hayupo, sijui, na wanangu siwaruhusu kupeleka sufuria pale. Fimbo ningepona, jina pengine ningelizoea. Kinachonikaa rohoni ni zile siku kumi na moja. Kila asubuhi nilimwona bibi anapanda kutoka korongoni, anapumzika kila mawe mawili, anafika, anaweka maji motoni, ananipa chai. Nami nikawa nakunywa, naomba sukari.