Ndani ya Kinywa cha Sera

Harufu ya viazi vibichi vilivyokatwa hunifuata hadi leo. Nikiisikia sokoni, mkono wangu hujiingia wenyewe mfukoni.

Baba alikuwa polisi, mtu wa Busia aliyehamishiwa Chaka. Nyuma ya nyumba tuliyopanga, Mama alifuga ng'ombe mmoja, Sera. Nilimpenda kwa kuwa mbele hakuwa na meno ya juu. Alizoa majani kwa ulimi wake wa msasa, akayabana kati ya meno ya chini na ufizi mgumu, akayang'oa. Nilimwachia avirambe vidole vyangu, nikiamini mdomo kama ule haumuumizi mtu.

Asubuhi moja alipora kiazi kizima kwenye karai ambamo Mama alikuwa akikata viazi, kikamkwama kooni. Alinyoosha shingo, mate yakiteremka kama kamba, ubavu wa kushoto ukaanza kufura. Daktari wa mifugo hakushika simu. Jirani yetu, Baba Njeri, akasema ng'ombe akifura hivyo hakawii kufa, akaanza kukisukuma kiazi juu kwa viganja, kutoka nje ya shingo. Mama akauvuta ulimi wa Sera na kuukunjia pembeni, baina ya meno. Baba alikuwa kazini. Mama akanitazama.

"Umebaki wewe," akasema. "Ingiza mkono. Nimeshika ulimi yake hapa kwa magego. Akiuma, atajiuma mwenyewe."

Niliingiza. Huko nyuma, nilikodhani hakuna kitu, magego yalipangana juu na chini, mapana, yenye makali, yakisogea kando ya kiwiko changu. Mashavu yake kwa ndani yalijaa vijimwiba, vyote vimeelekea kooni, na kila nilipojaribu kurudi nyuma vilinikwaruza, kana kwamba kinywa kizima kimeamua kunimeza. Nililia bila sauti. Nikagusa kiazi, kikateleza. Baba Njeri akasukuma tena. Nikakichomeka kucha, nikakitoa. Sera akabeua kwa muda mrefu, miguu ikimtetemeka.

Shuleni nilikuja kufundishwa kwamba vijimwiba vile huzuia majani yasidondoke ng'ombe anapotafuna. Havikuwa na haja nami.

La Mama nilichelewa zaidi kulijua. Jioni ile alisonga ugali kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameufunga leso, nami nikadhani amechoka tu. Nilikuwa mtu mzima, nimemshika mkono wa kulia hospitalini, nilipovitazama vizuri vidole vyake viwili vilivyopinda nikaelewa: Sera alikuwa ameuma.