Kondoo Mweupe na Oili ya Julai

Kila Julai, mtaa wetu mzima wa Muthangari ukiwa umevaa sweta, baba alilala chali kwenye simiti na kuipaka pikapu yake oili chafu kwa chini. Aliitoa kwa makanika wa Dagoretti Corner, katika mtungi ambao mama aliupiga marufuku jikoni. Alishikilia kwamba manyunyu ya Julai ni mabaya kuliko mvua ya Aprili: mvua huosha ikaenda, manyunyu hukaa.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, na hakuna jambo lililonipita bila kuulizwa maswali.

"Baba, una ushahidi gani kwamba oili inazuia kutu?"

"Ushahidi ni kwamba gari iko."

"Na haya matundu kwenye mlango?"

"Hapo sikupaka."

Mwaka huo kaka yangu alikuwa anapeleka mahari. Mara ya kwanza tulifika tumechelewa, wakwe wakaturudisha nyumbani. Sasa walisema wazi: mbuzi jike na kondoo jike, wote weupe, wasio na doa. Bila hao, wazee wao hawatafungua mdomo.

"Wakiturudisha tena," kaka aliniambia akifunga tai, "huyu msichana atatafuta mtu mwenye wazazi wa kawaida."

Asubuhi ya safari manyunyu yakaanza. Nikamkuta baba, amevaa suti, akipaka oili nyuma pale pa kubebea mizigo.

"Baba! Na wanyama?"

"Watasimama juu ya magunia."

"Nani amewaambia wasimame?"

Akawapakia hivyo hivyo. Mbuzi alisimama, kwa kweli. Lakini baada ya Dagoretti Corner tulipiga shimo, magunia yakateleza, na kupitia kioo cha nyuma nikamwona kondoo akiketi. Kisha akajilaza, akageuka na upande wa pili.

Langoni kwa wakwe kina mama walikuwa wakituimbia. Wimbo ukafa katikati. Shangazi mmoja akamgusa kondoo, akakitazama kidole chake.

"Mweupe yuko wapi?"

"Ni huyo," baba akasema.

"Huyu ni mweusi!"

"Ni mweupe. Hapo juu amepakwa tu."

Kaka alifumba macho. Nilitamani kumuuliza baba kama sasa ameridhika, lakini baba wa bibi harusi alikuwa amefika, kofia kichwani, akinusa.

"Hii ni oili?"

"Ya kutu," baba akasema kwa sauti ndogo.

"Unachanganya na dizeli?"

"Kidogo. Ndiyo iingie kwenye maungio."

Mzee yule akaitazama pikapu yetu, kisha akatazama nyuma ya zizi, ambako yake ilikuwa imekaa bila milango, imeliwa na kutu.

Mama wa bibi harusi aliagiza maji moto na sabuni. Kondoo alisuguliwa hadi akapata rangi ya mawingu ya siku ile. Wazee walikuwa hemani, chai inapoa, na kikao hakianzi. Kaka akanivuta mkono.

"Wewe uliyesoma, niambie. Tumekubaliwa ama tumekataliwa?"

Sikujua. Tukaizunguka pikapu yetu kuwatafuta wale baba wawili. Chini yake vilichomoza viatu jozi mbili, vimepigwa rangi, ncha zikielekea mbinguni.

"Na hapa nyuma ya gurudumu," sauti ya mwenyeji ikauliza kutoka chini, "ulipaka lini, mkwe?"

Kaka akanibana mkono hadi ukaniuma. "Umesikia? Amesema mkwe."