Ambari Iliyokatwa Tumboni

Wiki hii tumemzika jirani yangu wa mtaa wa Mawaleh, mwanamke mzaliwa wa Unguja aliyewachanganyia maharusi wa Maskati bukhuri kwa miaka mingi. Wasomaji wa safu hii wanaoishi hapa huenda wamejifukiza kazi ya mikono yake bila kumjua. Hakuwa mpole, wala sitamsingizia upole leo. Nitasimulia jambo moja tu alilolifanya mbele yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, binti yake alipoposwa. Kwa desturi yao, bukhuri ya bi harusi huchanganywa nyumbani kwao kwa vitu vinavyoletwa na upande wa bwana harusi. Mama wa kijana alikuja na udi, sandali, na bonge jeusi lililofungwa kitambaani: ambari, tunu itokayo kwa nyangumi. Marehemu mumewe aliinunua zamani kwa baharia wa meli ya kigeni ya kuwinda nyangumi. Jirani yangu aliichoma kwa sindano ya moto, akanusa.

“Hii haikuokotwa ufukweni, mkwe wangu. Imekatwa tumboni.”

“Na hiyo ya ufukweni ilitoka wapi, mgongoni?”

Tulicheka sote, na jirani yangu akacheka. Kisha akasema, “Ilitoka tumboni, lakini nyangumi mwenyewe aliitoa akenda zake. Udi wako nnauchanganya. Hii siitii mkono.”

“Basi mtafutie mwanao mume mwingine.”

Hakuna aliyecheka tena. Binti alikuwa mlangoni na sinia la kahawa, amesikia kila neno. Jirani yangu alimtazama binti yake, akalifunga lile bonge kitambaani, akalirudisha kwa mikono miwili.

Siku ile nilimwona mkaidi. Baadaye nilisoma habari za uwindaji huo. Wapo watu wa nchi za barafu waliomwinda nyangumi kwa ajili ya chakula, wakagawana hadi mifupa. Hao sina neno nao. Lakini wafanyabiashara walimuua ili mafuta yake yawake kwenye taa na kulainisha mashine, na taa zilipopata mafuta mengine hawakuacha. Walitengeneza mizinga ya kurusha vyusa, mikuki ya kuwindia baharini, vyenye baruti, wakajenga meli zenye viwanda ndani yake. Katika miaka ya sitini meli hizo ziliingia hata katika Bahari hii ya Arabu, zikaua na kuuficha ukweli, ambao ulimwengu uliujua miaka mingi baadaye. Sisi hatukushika chusa. Tulinunua, tukajifukiza, tukasifiana harufu.

Harusi ilifanyika, kwa kuwa kijana alimsihi mama yake, ila wakwe hao wawili hawakutembeleana tena. Walipeana mkono Idi hadi Idi. Kwa hiyo nilishtuka juzi kumwona yule mama wa kijana akiingia msibani na chetezo, akaomba aifukize sanda yeye mwenyewe.

“Nimeleta udi mtupu,” alituambia. “Ile ambari nnayo bado kabatini. Kila nikiiweka karibu na makaa, namsikia marehemu.”

Nadhani hivyo ndivyo mtu mmoja anavyoweza kuzuia dhuluma asiyoweza kuifikia: kwa kukataa pale palipo na mkono wake, hata kama gharama ni furaha ya mwanawe. Hatutaulizwa tu tulichokiua. Tutaulizwa pia tulichokifukiza, hali tunajua kilikotoka.