Maji ya Zamu ya Mama Muthoni

Nakumbuka Jumatatu moja kule Mwea, mwanangu, nilipotembea kando ya mfereji mara nne kabla hata ya kunywa chai. Nilikuwa nimekodi shamba la mpunga kwa mara ya kwanza. Miche ilikuwa tayari kitaluni, na ikizeeka huko haizai vizuri. Shamba lilikuwa limeshalimwa, lakini kavu. Zamu yangu ya maji ilikuwa Ijumaa, na sikuona miche ikifika Ijumaa. Jana yake kanisani nilikuwa nimemwomba Mungu kwa machozi aondoe kila kizuizi mbele yangu.

Ilipofika saa nne nikaona mfereji umejaa, na hakuna mtu karibu na lango la kuingizia maji shambani kwangu. Nikajiambia, jibu ndilo hili. Nikalifungua. Kisha nikapiga magoti kwenye tope nikashukuru. Hiyo ndiyo sehemu inayonitia aibu zaidi.

Haikupita saa moja, akaja Mama Muthoni, mjane aliyelima chini yangu, na ambaye zamu ya maji ya siku hiyo ilikuwa yake, ametapakaa tope hadi magotini. Nyuma yake alikuwa mwenye ng'ombe wa kuvuruga tope kabla ya kupanda, ambao Mama huyo aliwapata kwa siku hiyo moja tu.

"Kariuki, maji yangu iko wapi?"

"Mama, niliomba Mungu. Nikapata lango halina mtu."

"Ati Mungu? Mungu aibie mjane ndio akupatie wewe?" Akanitazama. "Jana tulikaa benchi moja. Unafikiri mimi nilikuwa naomba nini?"

Mwenye ng'ombe akacheka. "Na ng'ombe yangu imesimama bure huko chini. Hiyo nayo iombe nani?"

Nikalifunga lango. Lakini maji yalikawia kumfikia, na alasiri ng'ombe wakaenda kwa mkulima mwingine, nusu ya shamba lake bado haijavurugwa. Nikachukua jembe nikaivuruga mwenyewe, siku tatu, nikigeuka kila mara kutazama kitalu changu. Hakunishukuru, wala sikustahili.

Ijumaa maji yakaja, nikaanza kupanda. Mama Muthoni naye akaja, na wanawake wanne wa kikundi chake cha kupandiana mpunga, wakaingia shambani bila kuniuliza.

"Sogea," akasema. "Wewe unapanda kama mtu anafukia viazi."

Tulimaliza siku hiyo hiyo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu hapo: hata kama ningeyapata maji Jumatatu, peke yangu ningepanda wiki nzima, na miche ingezeeka vilevile. Nililia maji. Kumbe nilichokosa ni mikono.

Mwanangu, najua unavyohangaika na maombi ya kazi yasiyojibiwa. Kungoja kunanisumbua hata mimi, mpaka leo. Sikuambii ukae tu. Fanya kila lililo lako. Lakini njia ikifunguka ghafla, uliza kwanza ni nani atakayekosa ukipita. Ikiwa unampora mtu, usiseme ni Mungu. Yeye anaona kizuizi ambacho wewe hujakiona bado, na anaweza kukiondoa kwa mkono wa mtu yule yule uliyetaka kumpita.

Mungu akutangulie, akutulize moyo, na akupe majirani wasioogopa kukusahihisha.