Sitaki Kuwa Tabibu Huko Pia

Kaka yangu alinunua mashine ya gemu kutoka kwa mgeni mmoja wa Diani aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Mama alidhani ni ya kutazamia mpira, na hatukuharakisha kumsahihisha. Tuliiunganisha na televisheni ya sebuleni, pale nyumbani Msambweni, na tangu siku hiyo Jumapili zetu za alasiri zikawa na mwenyewe.

Gemu aliyoipenda kaka ilikuwa ya nchi kubwa ya kubuni, yenye misitu, ngome, majoka na miji ya watu wasiokuwapo. Hukulazimishwa kufuata njia. Ungeweza kwenda popote macho yako yalikofika. Lakini kabla ya kuingia uliulizwa wewe ni nani: mpiganaji, mpiga mishale, mchawi, mwizi au tabibu. Kila fani na mavazi yake, silaha zake na mambo yasiyoruhusiwa kwake.

Tulikuwa wanne, skrini ikigawanyika vipande vinne. Kaka alijichukulia upanga na ngao. Binamu yetu, fundi bomba wa mahoteli, akapewa upinde. Rafiki yao wa bara, mpishi wa hoteli huko Diani, akataka uchawi kwa sababu ya moto. Mimi sikuulizwa.

"Wewe tabibu, mdogo wangu," kaka akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

Ilikuwa ndiyo kazi yangu. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, na siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu miguu ikiniwaka moto. Nikavalishwa joho jeupe, nikapewa fimbo, nikasimama nyuma ya wanaume watatu nikitazama mistari myekundu iliyoonyesha kila mmoja amebakiwa na damu kiasi gani. Mstari ukipungua, ningenyanyua fimbo. Walipojeruhiwa waliniita wote kwa pamoja, "Dada, dawa!" na sauti zao hazikuwa na tofauti na zile nilizozisikia wodini tangu asubuhi.

Nilivumilia majuma kadhaa. Kisha alasiri moja, walipokuwa wakipambana na joka juu ya jabali, niliona upande wangu wa skrini kijia kikiteremka hadi pwani, na huko chini gofu la nyumba lenye taa ndani. Nilitaka kujua nani kaiwasha. Nikateremka. Kulikuwa na kikongwe anayesuka nyavu, akanisimulia habari za mwanawe aliyekwenda baharini. Nilikuwa bado namsikiliza wakati wenzangu wote watatu walipouawa na joka, vipande vyao vya skrini vikageuka vyeusi.

Kaka alikasirika kweli. Alitaka kujua nilikuwa wapi. Nikaiweka padi ya kuchezea juu ya mkeka.

"Sitaki kuwa tabibu huko pia," nikamwambia.

Alinieleza kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wateja wake dukani. Timu haiwezi kuwa na makipa kumi na mmoja. Anayepigana apigane, anayetibu atibu, na kila mmoja akikazania lake wote hufika. Akamalizia kwa methali, kwamba mshika mbili moja humponyoka.

"Hiyo ni ya mtu aliyeshika," nikasema. "Mimi nimeshikishwa."

Juma lililofuata nilianza upya, peke yangu, siku yangu ya mapumziko wakati wenzangu wako kazini. Chini kabisa ya zile fani palikuwa na chaguo la kuingia bila fani yoyote. Kaka alikuwa amekwisha kutuambia kuwa hilo ni la watu wasiojua wanachokitaka. Nikalichagua. Nikamuumba mwanamke mwenye mabega mapana na kovu shavuni, na nikamfundisha kila nililolitamani: upanga kidogo, mitishamba kidogo, kufungua kufuli, kuogelea.

Nisiseme uongo, kaka alikuwa na hoja. Mwanamke wangu alikua polepole kuliko wote. Mbwa mwitu ambao kaka aliwafyeka kama nyasi walimmaliza wangu mara kwa mara, na kila niliposimulia alivyokufa, binamu alinitania kwamba mchuzi wa kila kiungo hauna ladha. Lakini siku moja nilifika kwenye ngome ambayo wao walikuwa wameivunja lango kwa shida kubwa. Nikapiga mbizi, nikapita chini ya ukuta, nikafungua kufuli la ghala, nikatoka na hazina bila mlinzi hata mmoja kugeuza shingo. Nilicheka peke yangu mle sebuleni mpaka mama akaja kuchungulia.

Mwaka ule ule msimamizi wetu wa wauguzi aliniita. Palikuwa na nafasi ya kwenda kusomea uuguzi wa chumba cha upasuaji, naye alikuwa amenipendekeza. Nilimshukuru kwa dhati, nikaomba nifikirie. Nilifikiria, kisha nikaomba kitu kingine: nipelekwe zahanati ya ndani ndani, upande wa Lunga Lunga, mahali ambapo muuguzi mmoja hufanya yote.

Sisemi kuwa gemu ndiyo iliyonifundisha. Ukaidi nilitoka nao tumboni.

Baba aliumia zaidi ya wote. Yeye ndiye aliyenichagulia uuguzi nilipomaliza shule. Nilipokwenda kumwamkia alipokea shikamoo yangu akiwa ameangalia pembeni.

"Wenzako wanapanda, wewe wateremka," akasema.

Nikamwambia, baba, mimi sikatai kazi uliyonichagulia, nimeipenda. Ninachokataa ni kukatiwa kipande chake kimoja nikae nacho mpaka uzee.

"Mtu asiye na fani moja hana jina."

"Nitaitwa muuguzi tu, baba. Linanitosha."

Kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa ya salamu na hali ya hewa. Nilikwenda hivyo hivyo, bila baraka zake kamili. Huko zahanati asubuhi moja huanza kwa mama anayejifungua, akafuatia mchunga mbuzi aliyejikata kwa panga, kisha mtoto aliyejitia harage sikioni. Siku nyingine linakuja jambo lililo juu ya uwezo wangu, naliita gari la wagonjwa, na wakati huo namshukuru Mungu kwamba hospitalini Msambweni wapo waliosomea kitu kimoja wakakibobea. Kidole tumbo changu kikipasuka nitawataka wao. Hilo halinifanyi nitamani kuwa mmoja wao.

Nyumbani, kaka alikuwa amebaki bila tabibu, kwa hiyo fimbo akampa mkewe. Wifi yangu ni mtu wa Kibuyuni, mkulima wa mwani, mwanamke wa maneno machache. Alicheza alasiri moja, akauliza kwa upole kama ni lazima asimame nyuma. Akaambiwa ndivyo. Akairudisha padi kwa mumewe, na nilipokuja likizo akaniomba nimwonyeshe ile njia ya bila fani.

Nilidhani atafuata nyayo zangu. Alinipita. Hakutaka upanga wala upinde. Alichuma maua, akavua samaki mtoni, akajenga kibanda karibu na maporomoko ya maji. Mbwa mwitu walipomjia alipanda mti, akawangoja mpaka wakachoka. Ulimi uliniwasha kumwambia ajifunze walau kutumia ngao. Nikaumeza.

Kaka alimtazama kwa muda.

"Hiyo si gemu," akasema. "Hiyo ni kuishi."

"Basi niache niishi," wifi akajibu bila kuyatoa macho kwenye skrini.

Hatimaye kaka alimpata tabibu kupitia intaneti, kijana wa Tanga ambaye hatujawahi kumwona uso, na ambaye kwa maelezo ya kaka anaipenda fimbo yake. Ana kipaji, sikatai. Siku walipomuua joka nilikuwapo na sahani ya viazi karai mapajani, nikapiga makofi kwa moyo mmoja. Walicheza vizuri sana, kila mtu mahali pake.

Kaka akanigeukia, uso umemng'aa.

"Umeona sasa? Kila mtu na kazi yake."

"Nimeona," nikamwambia. "Huyo kachagua mwenyewe."

Wengine walikuwa wakiinuka kwenda kutia udhu. Akanipa padi kwa kuwa zamu ilikuwa yangu, akauliza leo nakwenda wapi na yule mwanamke wangu asiyejua kitu hata kimoja barabara.

Nikamwambia bado sijaamua.